Samansi Niliyompelekea Kaka Yake Wakili

Nilistaafu siku ya Ijumaa. Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa tano kasoro, nikiwa nachambua mchele nyumbani kwangu Temeke, Neema akanipigia simu. Neema ndiye karani kijana aliyekalia kiti changu ofisini.

"Bi Nasra, shikamoo. Umekaa?"

"Marahaba. Nimekaa. Kuna nini?"

"Wakili amefariki."

Nikamuuliza, "Wakili gani?" Ofisi yetu ilikuwa na wakili mmoja tu, na nilimfanyia kazi miaka zaidi ya thelathini. Bado niliuliza wakili gani.

Alikuwa kwenye ukumbi wa parokia, kule Keko, mahali alipokaa kila Jumamosi kuwasikiliza watu wasio na uwezo wa kumlipa wakili. Alikuwa anamwandikia bibi mmoja barua ya mpaka wa kiwanja. Aliandika mstari na nusu, akaweka kalamu, akainamisha kichwa juu ya mikono yake. Watu waliokuwa kwenye mabenchi hawakushtuka. Wakili Gaudensi alikuwa na kawaida ya kuinama na kusali kidogo akipata jambo gumu kabla hajatoa ushauri. Kwa hiyo walinyamaza kwa heshima. Mama mmoja alimziba mtoto wake mdomo. Robo saa nzima walimsubiri amalize, mpaka yule bibi akamgusa bega.

Hilo mpaka leo silielewi.

Neema na wenzake waliniomba niandike kuhusu kazi ya kupeleka samansi, maana wanasema sasa hivi hakuna wa kuwafundisha. Nimekubali, lakini mtanisamehe, siwezi kuandika kuhusu kazi bila kumwandika yeye. Habari za mshahara nitaziruka. Haukuwa na habari.

Niliajiriwa kupiga taipu. Ofisi ilikuwa Kinondoni, ghorofani, juu ya duka la saruji, na kila kukicha niliifuta taipureta vumbi la kijivu kana kwamba naamsha maiti. Wakili Gaudensi alikuwa bado kijana, mwembamba, Mngoni wa kule Songea, na mfukoni alichanganya rozari na funguo za ofisi, kwa hiyo akipanda ngazi unamsikia. Mie ni mtoto wa Kiarabu wa Temeke, baba yangu alikuwa na duka la vitambaa. Ndugu zangu walishangaa nimepataje kazi kwa Mkristo wa namna ile. Nami nilishangaa siku ya kwanza, ilipofika saa sita kamili, yeye aliposimama dirishani kusali Sala ya Malaika wa Bwana. Akamaliza, akaniangalia. "Na wewe ukitaka kusali adhuhuri, chumba cha mafaili kina nafasi. Kibla sikijui, utakitafuta mwenyewe." Tangu siku hiyo ofisi yetu ikawa inanyamaza mchana mara mbili. Wateja wengine walidhani umeme umekatika.

Saa saba alikwenda kula nyumbani kwa mkewe, Mama Agatha, hata jaji angekuwa amekaa sebuleni anamngojea. Mtoto wake akiwa na mtihani, siku ile hapangi kesi. Nilidhani ni uvivu. Baadaye niliona anavyobeba mafaili nyumbani, nikafuta dhana yangu.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Kibwana, mpeleka samansi wetu wa kwanza. Kwa wasiojua, samansi ni karatasi ya mahakama inayomwambia mtu kwamba ameshtakiwa na aende siku fulani. Ni lazima aipate mkononi mwake na asaini. Asipoipata, kesi haitembei. Na hakuna mtu anayeitaka. Mzee Kibwana alikuwa na mguu mmoja mfupi na subira ya punda. Wiki ya tatu ya ajira yangu alirudi mara ya nne na bahasha ile ile. Kulikuwa na mfanyabiashara wa Ubungo ambaye akimwona tu anachungulia kona anapotelea uani.

Nikasema, "Nipe mie."

Wote wawili wakacheka. Nikavaa buibui langu, nikachukua kikapu, nikapanda basi. Pale Ubungo nikabisha hodi, mke akanikaribisha, na mume akatoka mwenyewe kunisalimia akidhani ni jamaa wa upande wa mkewe. Nikamuuliza majina yake, akayataja yote matatu. Nikampa.

Niliporudi, Wakili hakucheka tena. Aliniuliza kwa uso mkavu, "Bi Nasra, hukumdanganya?"

"Nimesema hodi. Basi."

Akaitazama saini muda mrefu. Kesho yake taipureta akapewa mtu mwingine.

Mwanaume mwenye bahasha ya kaki akionekana mtaani, watu wanaruka ukuta. Mie wakiniona walidhani nimekuja kudai sahani ya shughuli. Lakini msidhani buibui peke yake linatosha. Mzee Kibwana alinifundisha kuangalia kamba ya nguo: shati la kiume likiwa linachuruzika maji, mwenyewe yumo. Alinifundisha kutembea na kidau cha wino kwa wasiojua kusaini, na kalamu mbili, maana ya kwanza itagoma mbele ya mtu mkali. Akikataa kabisa kupokea, mwite mjumbe wa mtaa ashuhudie, bandika mlangoni, kisha rudi ukale kiapo cha kweli mahakamani. Neno la kweli hapo ndilo kazi yenyewe. Nimewahi kumpelekea samansi bwana mmoja aliyejificha ndani ya tangi la maji. Niliuliza kwa sauti kama yupo, naye akanijibu mwenyewe, kutoka tangini, kwamba hayupo. Niliandika kwenye kiapo neno kwa neno. Hakimu alilazimika kutoka nje kidogo.

Somo jingine la Mzee Kibwana lilikuwa hili: usile wala usinywe cha mtu kabla hujampa karatasi yake. "Ukishakunywa maji yake," alisema, "mkono unakuwa mzito." Alikufa na heshima zake, nikabaki peke yangu na kikapu.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe.

Kazi ya Jumamosi pale parokiani aliianza Wakili na padri, wakiwa na meza moja na viti viwili. Nilikwenda kumsaidia kuandika majina. Kaka yangu aliniuliza, "Siku hizi unakwenda kanisani?" Nikamjibu nakwenda ukumbini kwao, kuandika majina ya watu, na zaidi ya nusu yao ni sie. Walikuja wote: mafundi wa fanicha waliofukuzwa kwenye vibanda, akina mama waliotelekezwa, ndugu wa mahabusu. Wakili alikwenda pia gerezani kuwaona mahabusu wasio na mtu, na kila safari alibeba sabuni za miche. Alisema mtu aliyeoga anajieleza vizuri zaidi.

Jumamosi moja nikiwa naandika majina, namba kumi na moja akawa mama mwembamba mwenye khanga nyeusi, watoto wawili wa kike wamemwegemea. Nikamuuliza jina. Akasema, "Skolastika." Nikainua uso. Nilimjua. Alikuwa mjane wa Fidelisi, mdogo wake Wakili, mwalimu wa shule ya msingi aliyefariki miezi mitano nyuma.

"Shemeji yako yuko pale mezani," nikamnong'oneza. "Pita tu, mama."

"Nitasubiri zamu yangu."

Akasubiri saa mbili. Zamu yake ilipofika Wakili aliinuka kwa furaha, akidhani amekuja kusalimia. Kisha akaona kikaratasi changu chenye namba mkononi mwake. Nilimwona anavyobadilika rangi.

"Shemeji, kwa nini hukuja nyumbani?"

"Nyumbani ni kwenu," Skolastika akasema. "Hapa ni kwa kila mtu."

Hakusema kwa hasira. Alisema kama mtu anayetaja bei ya nyanya. Nimeona watu wakizimia mahakamani, lakini sijaona neno likimpiga mtu kama lile. Miezi mitano Wakili alikuwa akiwapelekea sabuni watu asiowajua, na hakuwahi kwenda Goba kujua mke wa mdogo wake amelala wapi.

Skolastika hakuwa analala Goba tena. Nyumba aliyojenga na marehemu, kule juu kilimani, ilikuwa na kufuli na mpangaji mpya. Kufuli liliwekwa na Osmundi, kaka yao mkubwa, ambaye ukoo ulikuwa umemteua kusimamia mirathi. Skolastika na wanawe walikuwa wamejibana kwenye chumba cha binamu yake, Keko, ukuta mmoja na mashine ya kupasulia mbao.

Nisimseme vibaya Osmundi kuliko anavyostahili. Alikuwa na karakana kubwa ya fanicha, na baba yao alipofariki mapema, yeye ndiye aliyeacha shule akashika randa ili Gaudensi asome sheria na Fidelisi asome ualimu. Kiwanja cha Goba alikitafuta yeye. Mbao za paa zilitoka kwake. Akilini mwake nyumba ile ilikuwa ya ukoo, na Skolastika alikuwa kijana bado, angeolewa, mali ingehama. Aliyasema hayo bila aibu, kama mtu anayesema maji yanateremka.

Wakili alimwendea mara tatu. Mara ya tatu alikwenda na padri. Kikao cha ukoo kikakaa, kikasema kauli ya mkubwa ndiyo kauli. Akamtafutia Skolastika wakili mwingine. Wa kwanza akakubali, akasikia ni ndugu zake Gaudensi, akajitoa. Wa pili naye hivyo hivyo. Hakuna aliyetaka kuingia katikati ya ndugu.

Asubuhi moja aliniita, bahasha iko mezani.

"Bi Nasra, ungekuwa wewe ungefanyaje?"

"Mie ningemwachia mwingine."

"Na mwingine asipopatikana?"

Akanisukumia bahasha. Nikasoma jina la mdaiwa, nikarudia kulisoma. Ilikuwa ni maombi ya kumwondoa Osmundi kwenye usimamizi wa mirathi, na wakili wa mwombaji ni Gaudensi. Ndani ameambatisha kiapo chake kwamba yeye binafsi hataki hata msumari wa mali ya marehemu.

"Mpelekee mwenyewe kwa mkono wako," akasema. "Usimtume mtu wa bodaboda. Yule ni kaka yangu."

Nikaenda Keko. Nilishapeleka samansi kwa wezi, kwa majambazi, kwa diwani. Sijawahi kutembea polepole vile. Karakana ilikuwa barabarani, vitanda vimesimamishwa wima, vumbi la mbao hewani. Osmundi aliniona kwa mbali akaniita kwa furaha, maana alinijua miaka mingi.

"Bi Nasra! Karibu, karibu. Leo kabati au kitanda? We, mleteeni mama kiti! Leta na soda baridi!"

Nikakaa. Nikanywa soda. Nilijua kabisa nakiuka sheria ya Mzee Kibwana, na kweli mkono ukawa mzito kama jiwe la kusagia. Akaniuliza habari za wanangu mmoja mmoja kwa majina. Nikajibu. Chupa ikaisha. Ndipo nikafungua kikapu.

"Kaka Osmundi, nimetumwa."

Akapokea huku anacheka, akafuta miwani kwa ncha ya shati. Alisoma akiwa bado na tabasamu. Akarudi juu akasoma tena. "Kuna makosa hapa," akasema. "Jina hili la wakili ni la mdogo wangu."

Nikamwelekezea mahali pa kusaini.

Akapunga mkono, mashine ikazimwa. Mafundi wote wakageuka. Akatoa simu akaweka sauti kubwa.

"We Gaude. Umeniletea samansi?"

"Ndiyo, kaka," sauti ya Wakili ikatoka. "Shikamoo."

Nyie, mie nilitamani ardhi inimeze. Osmundi aliiangalia ile simu kama mtu aliyeng'atwa na mtoto wake. Shikamoo ile hakuipokea. Akakata. Kisha akachomoa penseli ya useremala sikioni, akainama kusaini.

"Samahani, kaka," nikasema. "Penseli mahakama haipokei."

Nikampa kalamu yangu. Akasaini vizuri, herufi zimenyooka, akanirudishia kalamu kwa mikono miwili. Akasema, "Mwambie nimeipata." Nilipofika barabarani mashine ilikuwa bado haijawashwa.

Kesi ilichukua karibu miaka miwili. Wakili wa Osmundi alipinga kwamba ndugu hawezi kusimama kesi ya ndugu, jaji akasoma kile kiapo cha kukataa mali, akasema iendelee. Wakili Gaudensi hakumwuliza kaka yake swali hata moja la kumdhalilisha. Alimwita "shahidi" kama sheria inavyotaka, lakini kila alipomaliza kumhoji aliinamisha kichwa kama mtoto anayeaga. Wakati huo mama yao mzazi, kule Songea, ambaye Wakili alimpigia simu kila jioni bila kukosa, aliacha kupokea. Nilikuwa namwona ofisini saa kumi na moja, simu sikioni, inaita mpaka inakatika. Anaweka chini. Kesho anapiga tena. Bi mkubwa yule alikuja kupokea baada ya hukumu, sikukuu ya Krismasi, akauliza habari za wajukuu, na jambo lile hakuligusa mpaka alipokufa.

Hukumu ikampa Skolastika usimamizi, na nyumba ikabaki kwake na wanawe. Mpangaji akahama. Skolastika alilia mpaka akakaa chini kwenye sakafu ya korido. Wakili hakumngojea. Alikimbia, mtu mzima na joho lake, akamfuata kaka yake ngazini. "Kaka." Osmundi alipita kama mtu anayepita nguzo ya umeme. Nilikuwa ngazi mbili chini yao. Tangu hapo, nijuavyo mie, hawakuzungumza tena.

Nijuavyo mie. Miaka zaidi ya kumi nilikaa na neno hilo nikiamini najua kila kitu. Mie ndiye niliyeandika ratiba yake. Ningeweza kuwaambia Jumanne saa nne yuko mahakama gani, Alhamisi anakwenda saa ngapi gerezani, na kwamba Jumapili anatoka misa ya pili anakwenda nyumbani kula na familia.

Siku ya maziko watu walijaa nyumbani kwa Wakili, Kinondoni, mpaka barabara ikafungwa. Kulikuwa na majaji, kulikuwa na watu wenye makovu ya pingu, kulikuwa na yule bibi wa barua ya mpaka, ameshika karatasi ile yenye mstari na nusu, hataki kuiachia. Skolastika na wanawe, sasa wasichana wakubwa, ndio waliokuwa jikoni wanapika. Nilitoka nje kupata hewa, nikamwona Osmundi upande wa pili wa barabara. Amezeeka. Amevaa suti nyeusi, amesimama kwenye kivuli cha kibanda cha chipsi, hasogei.

Nikavuka. "Kaka Osmundi, pole sana. Karibu ndani."

"Sina miguu ya kuingia humo, Bi Nasra."

Nikadhani anaumwa. Nikamshika mkono. Ndipo akaniambia, bila kuniangalia.

"Alikuwa anakuja. Kila Jumapili, baada ya misa. Anagonga geti langu mara tatu, anasimama. Mie niko juu dirishani, naona kipara chake. Anakaa pale nusu saa, jua, mvua, halafu anaondoka. Sikufungua hata siku moja."

"Kila Jumapili?"

"Nilikuwa nasema, Jumapili ijayo. Kila Jumapili nasema ijayo." Akavua miwani, akaifuta. "Jumapili iliyopita nilishuka. Nikaweka hadi kiti pale getini. Nilikuwa sijaambiwa. Nimekaa mpaka saa tisa, nikasema leo kachelewa."

Wakili alikuwa amefariki Jumamosi. Hakuna mtu aliyempigia Osmundi simu. Katika msiba ule kila mmoja alidhani hatathubutu kuja, au hatataka.

Nilirudi ndani nikamwuliza Mama Agatha, mkewe, kama alijua. Alikuwa amekaa kwenye mkeka, macho yamekauka. Akasema, "Jumapili tulikuwa tunakula saa tisa. Watoto walikuwa wanalalamika njaa. Nikimwuliza anasema kuna mtu anamsubiri. Nilidhani ni mgonjwa."

Nyie vijana, mimi nilijisifu maisha yangu yote kwamba hakuna mlango uliowahi kunishinda. Na bosi wangu alikuwa anagonga geti moja miaka yote hiyo, na hakuniambia hata siku moja nimsaidie. Nimejiuliza kwa nini. Nadhani aliona kwamba mkono wangu ulishakwenda kule mara moja, na hiyo ilitosha. Au sijui. Kuna mambo nimeyakosa nikiwa nimekaa mita tatu kutoka mezani kwake.

Mama Agatha alivuka barabara mwenyewe akamshika Osmundi mkono, akamwingiza, akamketisha mbele. Makaburini Osmundi alitupa udongo kama mkubwa wa familia. Skolastika alikuwa upande wa pili wa kaburi. Hawakutazamana.

Wiki mbili baadaye simu yangu ikalia, ni Osmundi. "Bi Nasra, unaikumbuka njia ya Goba?"

"Kaka, njia unaijua wewe kuliko mie."

"Njia naijua. Kugonga ndiyo siwezi."

Akaja kunichukua na gari lake la kubebea mbao. Njia nzima anajipangia maneno kwa sauti: kwanza nitasema hivi, halafu nitapiga magoti, hapana, magoti ataona namwigizia, nitasema tu nisamehe, shemeji. Tulipopita Ubungo alikuwa na hotuba kamili. Tulipoanza kupanda vilima vya Goba ikabaki nusu. Kwenye nyumba yenyewe alizima gari akabaki ameshika usukani.

Nikashuka. Nikamfungulia mlango wa gari kama mtoto. Tukapita bustani ya mchicha, tukasimama barazani. Nilitazama kamba ya nguo kwa mazoea tu. Nikagonga.

"Hodi wenyewe!"

"Karibu!" sauti ikajibu kutoka ndani, na mlango ukafunguka. Skolastika alikuwa amejifunga khanga kiunoni, mikono imelowa. Aliniona mie kwanza, akatabasamu. Kisha akamwona aliye nyuma yangu. Tabasamu likaondoka.

"Shemeji," Osmundi akasema. Ikaishia hapo. Hotuba yote, maneno yote aliyoyapanga tangu Temeke, hayakutoka. Mie nikajibana ukutani, maana sikuwa na karatasi ya kumpa mtu yeyote asaini, na sikujua mtu asiye na karatasi anasimama wapi.

Skolastika alimtazama kuanzia kichwani mpaka chini. Jirani alikuwa anatwanga, nikawa nasikia mchi tu. Nilidhani atafunga mlango. Alikuwa na haki ya kuufunga.

"Viatu mviache hapo nje," akasema. "Nimedeki sasa hivi."

Akageuka akaingia ndani, akauacha mlango wazi. Osmundi akainama kuvua viatu. Alichukua muda mrefu sana kufungua kamba.